Kigezo cha Taya

Jumanne asubuhi, siku moja kabla binti yake hajapasuliwa taya, Fundi alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya chumba cha daktari wa meno, mkoba magotini, macho mbele. Alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Hata waliomjua kabla hajafiwa na mume walishasahau kama ana jina jingine. Binti alikuwa amelala chali kwenye kile kiti kirefu kinachopanda na kushuka, taa imemwelekea mdomoni. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga mlango wa tumbo. Shuleni walimwita Kidevu, na hilo halina haja ya maelezo.

Taya la chini la Kitinda lilitangulia. Lilianza safari yake alipovunja ungo, likaenda polepole bila kupumzika, mpaka alipotimiza miaka kumi na tisa meno ya chini yalikuwa yameyapita ya juu kiasi cha kupitisha penseli katikati. Mkate hakuweza kuuma kwa meno ya mbele. Aliukata kwa vidole akausukumia pembeni. Akisema haraka, maneno mengine yalimtoka na upepo. Alijizoeza kucheka kiganja mdomoni, na kicheko kikizidi, viganja viwili.

Daktari wa meno, mwanamama mfupi asiyependa kupaka maneno sukari, aliwaeleza tangu siku ya kwanza. "Nyaya peke yake haziwezi. Huu ni mfupa. Tutafanya kazi watu wawili: mimi nitapanga meno, mwenzangu wa upasuaji atalirudisha taya. Lakini nawaambia mapema msije mkanilaumu. Kabla hajawa mzuri, atazidi kuharibika."

Alieleza kwamba kwa miaka yote ile meno ya Kitinda yalikuwa yakificha kosa la mfupa. Ya juu yaliinama nje, ya chini yaliinama ndani, yakitafutana kama majirani wanaosalimiana juu ya mtaro. Ilibidi kwanza kila jino lisimame wima juu ya mfupa wake, na yakisimama, mtaro ungeonekana upana wake wote. Ndipo taya lirudishwe nyuma, meno yakutane.

Fundi alielewa bila taabu. Nguo iliyokatwa vibaya hainyooshwi kwa kuivuta. Unaifumua, na ikishafumuliwa haitazamiki mpaka ishonwe tena.

Aliyekataa kuelewa ni wifi yake, shangazi wa Kitinda, mwanamke wa maneno tangu kuzaliwa. Kila mwezi alipokuja kutembea alimshika mtoto kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayenunua tikiti maji. "Wifi, hawa madaktari wanamtengeneza au wanamkomoa? Tulimpeleka na kidevu, naona tunarudishiwa kata ya maji."

"Shangazi, niache," Kitinda alikuwa akisema.

"Nikuache nani akuseme? Mtu kusemwa na wake ni bima."

Walicheka, maana kwa shangazi hakuna aliyeweza kununa. Lakini Fundi aliona kwamba mtoto, baada ya kucheka, aliingia chumbani akageuza kioo kikatazama ukuta.

Hali hiyo ilidumu miezi kumi na minane. Daktari wa upasuaji alikuja mjini hapo kila baada ya miezi mitatu, akafanya kazi siku nne, akaondoka. Zamu ya Kitinda ilikuwa Jumatano hii. Baada ya wiki tano chuo cha ualimu kingefunguliwa, naye alikuwa amepata nafasi. Alishahesabu kila kitu: wiki mbili za uvimbe, wiki tatu za uji na supu iliyochujwa, kisha anaingia chuoni na uso mpya. "Sisimami mbele ya watoto na hili," alimwambia mama yake, akilionyesha taya kwa kidole kama mtu anayemwonyesha mwizi. "Nikikosa zamu hii, chuo waendelee wenyewe."

Fundi alimwambia Mungu, alfajiri, kama alivyomwambia mambo mengine yote tangu alipobaki peke yake.

Sasa daktari alishika mkononi kipande cha plastiki ngumu, cheupe kama barafu, kilichopinda kama upinde. Pale hospitali walikiita kigezo. Juu kilikuwa na vishimo vya meno ya juu, chini vishimo vya meno ya chini, na kilitengenezwa na fundi wa maabara juu ya sanamu za plasta zilizotokana na meno ya Kitinda mwenyewe, yalipochukuliwa vipimo wiki mbili na nusu zilizopita.

"Mama, njoo uone," daktari alisema. "Kesho taya likishakatwa, litakuwa halina mahali pake. Hiki ndicho kitakacholiambia likae wapi. Daktari anakiweka juu, analileta taya mpaka meno yazame humu, anafunga, ndipo anakaza parafujo kwenye mfupa. Anakiamini kigezo kuliko macho yake. Kwa leo namjaribishia sehemu ya juu tu, ya chini haiwezi kufika mpaka taya lihame."

Akakipachika juu. "Sukuma kwa ulimi, kisha kaza kwa kidole gumba. Haya. Kimekaa?"

Kitinda, vidole gumba viwili mdomoni, alitikisa kichwa kukubali.

"Hakuna kinachobana?"

Akatikisa kichwa kukataa.

Daktari aliinama, akagusa upande wa mbele kwa ncha ya kidole. Simu yake ikalia. Alitazama kioo cha simu. "Ni mwenzangu wa upasuaji, anataka orodha ya kesho. Usikitoe, narudi nikitazame tena." Akatoka, mlango ukajifunga taratibu.

Fundi hakurudi kwenye kiti chake. Alikuwa amesimama karibu na taa, na kutoka pale alimwona binti yake vizuri kuliko daktari aliyekuwa ameinama juu yake. Aliona ncha za vidole gumba zimekuwa nyeupe kwa kukandamiza. Aliona mshipa wa shingo umesimama. Aliona chozi dogo kwenye kona ya jicho la kushoto, chozi la mtu asiyelia.

Kwa miaka ishirini na sita Fundi alikuwa amewapima watu nguo. Alimjua mteja anayevuta tumbo ndani akisema gauni limemtosha. Alijua kwamba huyo usimwangalie kiunoni. Mwangalie puani, usubiri apumue.

"Toa vidole," alisema.

Kitinda akakataa kwa macho.

"Mwanangu, toa vidole."

Alivitoa. Kigezo kilishuka upande wa kushoto, nyuma, kidogo sana, kama kifuniko cha sufuria kilichokalia punje ya mchele.

Binti alikitoa mdomoni upesi, akakishika kifuani. Akanong'ona. "Mama, nakuomba."

"Umefanya nini?"

"Kifungo cha kushikia waya kilitoka. Cha jino la mwisho. Niliuma mfupa wa kuku nikasikia *ka*."

"Lini?"

"Siku nne baada ya kuchukuliwa vipimo."

Fundi alihesabu moyoni. Wiki mbili jino limekaa bila mshikaji. "Mbona nimeona vifungo vyote vipo?"

"Nilikibandika jana usiku."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa gundi ya kucha." Tangu amalize shule Kitinda alikuwa akibandika wanawake kucha saluni, na alikuwa hodari. "Inashika, mama. Mtu anafua nayo mwezi mzima haitoki," alisema, kana kwamba hilo ndilo aliloulizwa.

Nje ya mlango sauti ya daktari ilisikika, ikiendelea na simu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema wangeahirisha. Halafu nilipoona jino limesogea ikawa nimeshachelewa kusema. Mama, ni kidogo tu. Daktari mwenyewe hajaona. Kesho nitakuwa nimelala, watakikaza wao." Alimshika mama yake mkono. "Miezi kumi na minane nimebeba uso huu. Wakiahirisha, nabaki nao miezi mitatu mingine, tena umeharibiwa makusudi. Ukisema neno, mama, sitakusamehe. Nakwambia kweli."

Fundi alimtazama. Hakuwa mtoto wa vitisho huyu. Akisema hatakula, halii njaa.

Akawaza: mimi ni nani katika mambo haya? Darasa la saba, na la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Pengine ni kidogo kweli. Pengine hao wenye elimu yao wana namna. Nikinyamaza, kesho saa kama hizi mtoto ameshaingia. Nikisema, nimemnyang'anya kwa mkono wangu kitu alichokililia tangu ana miaka kumi na mitatu. Kisha likamjia neno la daktari: anakiamini kigezo kuliko macho yake. Kama kigezo kimekaa upogo, parafujo zitakazwa upogo, na mfupa haufumuliwi kama shati.

Mola wangu, alisema ndani kwa ndani, usinipe maneno mengi. Nipe moja tu, na unishike miguu.

Mlango ulifunguka.

"Tayari," daktari alisema akiweka simu mfukoni. "Wewe ni wa kwanza kesho, saa mbili asubuhi. Nipe hicho kigezo nikifunge, kiende kuuliwa vijidudu pamoja na vifaa vingine."

Kitinda alinyoosha mkono kumpa. Alimpa haraka, kabla mama hajameza mate.

"Daktari," Fundi alisema.

Daktari aligeuka.

"Daktari, kiweke tena. Kiweke kwa mkono wako, yeye asikishike."

"Kuna nini, mama?"

"Mimi ni mtu wa cherehani tu. Lakini alikuwa anakikandamiza. Chenyewe hakijakaa."

Daktari hakukasirika wala hakucheka. Alivuta kiti chake cha magurudumu, akaelekeza taa. Kitinda alifungua mdomo macho yakiwa juu ya dari. Kigezo kikapachikwa. Daktari alikandamiza kulia, kushoto kukainuka. Akakandamiza kushoto, kulia kukainuka. Kilicheza kama stuli yenye mguu mfupi. Akakitoa, akachukua chombo chembamba cha chuma, akagusa kifungo cha jino la mwisho. Kifungo kikadondoka juu ya ulimi, na nyuma yake kimeshikana na ganda jeupe la gundi.

Daktari alilitazama ganda lile. "Hii ni nini?"

Kitinda alifumba macho. Fundi naye alinyamaza. Neno lake moja alishalitumia.

"Basi," daktari akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nami nilitazama mbele tu. Nilisema narudi kukitazama, kisha nikakuomba unipe nikifunge. Mungu ametusitiri." Akavua glavu. "Jino limeshuka na kulala. Siwezi kutengeneza kigezo kingine juu ya jino lililolala, nitakuwa nauandikia mfupa kosa. Lazima lirudi kwanza. Na mwenzangu wa upasuaji anaondoka Ijumaa."

"Mpaka lini?" Kitinda aliuliza, ingawa alijua.

"Mpaka aje tena. Na njoo kwangu wiki hii hii, usiache. Likiendelea kushuka litavuta na la jirani, tutaanza moja."

Walitembea mpaka nyumbani. Kitinda alitangulia hatua kumi, na kila Fundi alipoongeza mwendo, naye aliongeza.

Jioni shangazi alikuja na begi la nguo, kwa sababu alikuwa amepanga kulala hospitali na mgonjwa. Aliposikia habari, alikaa chini juu ya begi lake.

"Wifi, yaani daktari hakuona, ukaona wewe?"

"Niliona."

"Na hukuweza kuona ukanyamaza? Watu wanaona mangapi katika dunia hii, wanameza. Umemvunjia mtoto safari kwa mdomo wako."

"Ningemeza, angeumia yeye."

"Sasa haumii?" Shangazi alinyoosha kidole kwenye mlango wa chumba, uliokuwa umefungwa. "Sikiliza. Hata kulia halii. Mtoto asiyelia huyo ndiye wa kuogopwa."

Fundi alikwenda akakaa kwenye cherehani, akapitisha uzi tunduni, na hakushona kitu.

Chuo kilifunguliwa, na Kitinda, ambaye alisema haendi, alikwenda. Alifunga sanduku mwenyewe. Mlangoni alimpa mama mkono kama anavyopewa mgeni. Alikwenda kuishi bwenini, upande wa pili wa mji, na simu yake ikawa haipokelewi. Ujumbe wa maandishi ulijibiwa kwa neno moja: *Mzima*. Shangazi ndiye aliyepigiwa, naye alikuja kusimulia huku akijifanya hasimulii.

"Amepewa darasa la mazoezi. Watoto walicheka siku ya kwanza."

"Akafanyaje?"

"Si umpigie umuulize? Aah, samahani, hapokei." Kisha, kwa sauti ya chini: "Aliwaambia wakimaliza kucheka wafungue ukurasa wa nne."

Lakini kitu kimoja shangazi hakukijua, nacho ndicho kilichomnyima Fundi raha: kama mtoto anakwenda kwa daktari, au ameacha. Wiki hii hii, daktari alisema. Wiki ile ilipita, zikapita na nyingine kabla ya chuo, mtoto akitoka na kurudi bila kusema anakokwenda. Kama jino liliendelea kushuka, basi alikuwa amemnyang'anya Jumatano ile bure, na hakuna nyingine inayokuja. Alipokuwa akipima wateja alikosea namba. Alikata mkono wa kushoto mara mbili kwa blauzi moja. Wiki ya nne ya chuo alifunga kazi mchana, akaenda hospitali, akasimama kwenye foleni ya dirishani na watu wenye mashavu yaliyovimba, mpaka daktari akatoka akamwona.

"Mama wa kigezo," daktari alisema.

"Daktari, sikuja kuchimba. Niambie jambo moja tu. Anakuja?"

Daktari alimtazama. "Aliniomba nisikwambie."

Fundi alishika ukingo wa dirisha.

"Kwa hiyo sijakwambia kwamba amekuja mara tatu," daktari aliendelea. "Wala kwamba jino limeanza kupanda."

Alirudi nyumbani kwa miguu, kama aliyebebwa. Hakumwambia mtu.

Miezi mitatu ilipotimia, ujumbe uliingia kwenye simu: *Jumatano saa 2. Mama uje na shuka mbili.* Aliusoma mara nyingi. Hapakuwa na salamu, lakini palikuwa na *mama*.

Siku hiyo hawakupata nafasi ya kuzungumza. Kitinda alikuwa tayari amevalishwa gauni la kijani la hospitali, kofia ya karatasi kichwani. Alipopitishwa mlangoni juu ya kitanda cha magurudumu alimtazama mama yake tu, mlango ukafungwa.

Fundi na wifi yake walikaa ukumbini. Saa ya kwanza shangazi aliongea peke yake. Saa ya pili akaishiwa. Saa ya tatu yeye ndiye aliyemshika Fundi mkono. Fundi aliomba bila kufumba macho, kwa sababu hakutaka mlango ule ufunguke yeye asione. Mara moja muuguzi alitoka akikimbia. Alirudi akikimbia na kifurushi mkononi, hakumtazama mtu. Shangazi alianza kuinuka. Fundi alimvuta akakaa.

Ilikuwa imekaribia saa saba mchana daktari wa upasuaji alipotoka, alama ya barakoa imechimbika puani.

"Anapumua?" Fundi aliuliza.

"Anapumua vizuri. Damu ilitusumbua kidogo, ikatulia."

"Na kigezo?"

Daktari, aliyekuwa amechoka, alitabasamu kwa upande mmoja. "Ndiye wewe. Nimesimuliwa. Kilizama chenyewe, mama. Sikukisukuma."

Fundi aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, akabaki hapo, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Wodini, Kitinda alikuwa na uso wa mtu mwingine. Mashavu yamejaa kama unga uliochachuka, midomo imepasuka, meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa mipira midogo iliyokatisha huku na huku. Muuguzi alining'iniza mkasi mdogo kwenye kichwa cha kitanda, kwa uzi mwekundu.

"Akitaka kutapika, msiniite kwanza," alisema. "Mlaze ubavu, kata hapa, hapa, na hapa. Kisha ndipo uite. Nani atakayekaa naye?"

"Mimi," shangazi alisema.

"Mkasi?" Fundi alimuuliza.

Shangazi aliutazama, akarudi nyuma hatua moja. "Wewe. Mimi nitaita."

Fundi alivuta kiti, akakaa mahali ambapo mkono ungefika kwenye mkasi bila kuinuka. Akakaa hivyo saa nyingi, akitazama midomo, akisikiliza kila pumzi inayoingia puani na kutoka. Mara mbili koo la mtoto lilipanda ghafla, na mara mbili vidole vya Fundi vilishika uzi mwekundu. Mara zote mbili lilishuka.

Alasiri Kitinda alifumbua macho. Aliwatazama wote wawili, akaonyesha ishara ya kuandika. Shangazi alimpa kalamu na daftari la mahudhurio, ambalo Kitinda mwenyewe alilileta kutoka chuoni kwa ajili hiyo. Aliandika polepole, mstari ukipanda, akaligeuza daftari upande wa mama.

*Bado nina hasira na wewe.*

Fundi aliusoma, akakubali kwa kichwa. "Ni haki yako," alisema.

Kitinda alilivuta daftari, akaongeza neno chini yake.

*Maji.*

Fundi alichukua bomba la sindano lisilo na sindano, akavuta maji kidogo kutoka kikombeni, akaingiza ncha yake kwenye pembe ya mdomo, nyuma ya meno, akasukuma tone moja. Akasubiri mpaka koo limeze. Akasukuma la pili.